Mtoto ninayemlea ana alama mwilini, na mamake ni mtu wangu. Walezi wenzangu, nyinyi mnafanyaje?

mlezi_fuoni (Jumatatu, saa 4 usiku)

Assalaam alaykum jamani. Nimeandika hapa na kufuta mara tatu, leo naacha yatoke.

Nalea watoto nyumbani kwangu Fuoni, hapa Unguja, huu mwaka wa sita. Si skuli ya maandalizi na sina kibao mlangoni. Ni ukumbi wangu, majamvi mawili, sufuria la uji na watoto saba ambao mama zao wanapanda daladala asubuhi kwenda makazini Mjini, wanarudi alasiri.

Mmoja ana miaka mitatu na nusu, wa kiume. Wiki iliyopita namvua shati lililomwagikiwa uji, nikaona nyuma ya sikio pamevilia damu. Nikajiambia kagongwa na mlango. Jumatano nikaona paja kwa ndani, alama mbili zimelala sambamba kama mistari ya daftari. Nikajiambia tena, sijui hata nilijiambia nini. Juzi nimenyoosha mkono nitoe kikombe juu ya kabati, akajikunyata akafunika kichwa kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu za miguu. Zile alama hazikunifanya hivyo.

Nilimuuliza mamake kwa upole. Akasema, "Kaanguka ngazini, mtundu huyo." Nyumba yao haina ngazi. Najua, kwa sababu ndiyo nyumba niliyokesha nikipika siku ya harusi yake.

Sasa muhali wangu, ule uzito wa kumkosea mtu wako, ndio huo. Huyu mama tumekua pamoja. Nilipofiwa na mume wangu nikakaa eda, chai yangu ya asubuhi ilitoka kwake miezi minne na siku kumi, hakukosa hata siku moja. Na ndiye aliyenipa wazo la kulea watoto, akaniletea wake wa kwanza. Mume aliye naye sasa si baba wa huyu mdogo. Sisemi ni yeye. Sijui ni nani, na hilo nalo linaninyima usingizi.

Tafadhalini msiniambie "ripoti tu". Nambari 116 ya simu ya kuripotia ukatili kwa watoto naijua, imebandikwa mpaka kwenye mlango wa kituo cha afya. Polisi siwaogopi. Naogopa kesho asubuhi mtoto asiletwe. Kwangu anakaa saa tisa kwa siku, anakula, analala, mgongo wake nauona. Nikisema, mama akajua, akampeleka kwa bibi yake shamba au akamfungia ndani, nani atamvua shati amtazame?

---

dada_wa_kazi (saa 4 na nusu usiku)

Pole dada. Mimi naelewa.

---

kaka_mtoni (saa 5 usiku)

Dada, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini nenda polepole. Makosa mengine ya udhalilishaji siku hizi hayana dhamana. Neno moja tu na mtu analala ndani, na akitoka hata kama hana kosa mtaa mzima umeshamhukumu barazani. Nimeyaona kwa mtu wa karibu yangu. Halafu kumtia mtoto adabu si udhalilishaji. Sisi sote tumepigwa chuoni tukisoma Kurani, na nyumbani, na tupo hapa tunaandika. Wa kiume huyo, atakua.

---

mlezi_fuoni (saa 5 na robo)

Kaka, mkono wa mzazi nimeuonja na mimi. Bakora ya chuoni naijua inavyoacha alama. Mistari miwili sambamba kwenye paja la ndani la mtoto wa miaka mitatu ni waya uliokunjwa. Paja la ndani, kaka. Ili umpige hapo inabidi kwanza umshike mguu.

---

mwalimu_wete (Jumanne, saa 12 asubuhi)

Nimesoma baada ya sala ya alfajiri na sikuweza kufanya jambo jengine. Nafundisha maandalizi huku Pemba, mwaka wa kumi na nne. Nitasema mambo mawili, moja la aibu yangu na jengine la majuto yangu.

La aibu. Mwaka wangu wa pili kazini aliletwa mtoto mchanga wa mwenzetu, namsaidia kumbadilisha, nikaona kiuno na makalio yana rangi ya buluu iliyokoza, bapa kubwa. Moyo ukaniruka. Sikumwambia mamake kitu, nikakimbilia kwa muuguzi kituoni, nikimsimulia huku natetemeka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama bapa lile linabadilika rangi siku hadi siku. Nikasema hapana, liko vile vile. Akaniambia ni alama ya kuzaliwa, watoto wetu wengi weusi wanazaliwa nayo na inafifia wanapokua. Jeraha huanza jekundu au zambarau, likaenda kwenye kijani, likaenda manjano, likaisha. Alama ya kuzaliwa haitembei hivyo. Nilitaka ardhi inimeze, lakini yule muuguzi hakunicheka. Alisema bora uje mara kumi bure.

Na alinifunza jambo ambalo nalitumia mpaka leo. Mtoto anayetembea anaumia kwenye goti, ugoko, kiwiko, kipaji. Ndipo anapotangulia akianguka. Sikio, shingo, tumbo, mgongo, paja la ndani, hapo mtoto kwa kawaida haangukii. Na mtoto ambaye hata kutambaa bado, asiwe na jeraha la kuvilia popote. Akiwa nalo, mara nyingi kuna mtu. Kwa hiyo dada wa Fuoni, macho yako hayakukudanganya.

La majuto nitaliandika kwa ufupi kwa sababu silipendi. Mwaka wa baadaye alikuwepo msichana wa miaka mitano aliyeanza kujikojolea akiwa ameshaacha, anakataa kwenda chooni peke yake, anakataa mtu asimguse kanga yake. Nikaona. Nikamwambia mwalimu mkuu, akaniambia tusubiri msimu wa karafuu uishe, wazazi wote wako mashambani. Nikasubiri. Msimu ulipoisha yule mtoto hakurudi, ikasemwa kapelekwa Unguja kwa shangazi. Sijui alikuwa na nini. Labda hakuwa na kitu kabisa. Lakini kila nikiona karafuu zimeanikwa barabarani namkumbuka yeye kwanza.

Unaogopa ukisema utampoteza mtoto. Mimi nilinyamaza na nikampoteza vile vile.

Kaka wa Mtoni, hili la "wa kiume atakua". Kwenye ule utafiti wa kitaifa wa 2009 wa ukatili dhidi ya watoto, waliouliza vijana wa miaka 13 mpaka 24, kwa upande wa Zanzibar wavulana waliosema walidhalilishwa kijinsia utotoni walikuwa kama 9 katika kila 100. Wasichana kama 6. Wa kiume anakua, ndiyo, lakini anakua nalo.

---

abu_salha (Jumanne, saa 3 asubuhi)

Dini imetufunza sitara. Mtu ukiona aibu ya nduguyo uisitiri. Kwa nini tusianze kwa wazee wa pande mbili wakae, wayamalize nyumbani? Tukimbilie polisi tu kila jambo, tumekuwa nani?

---

maalim_kwahani (saa 4 asubuhi)

Sheikh wangu, sitara ni kwa mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake. Anayemdhulumu mwengine, tena mtoto asiyeweza kujitetea, huyo tukimsitiri tumemsaidia kudhulumu. Nasomesha chuo, nasema hili nikijua kuna wenzangu wa vyuoni wametajwa kwenye kesi hizi na sisi walimu tulikuwa wa mwanzo kusema "yasitoke nje". Na hao wazee wa pande mbili wanaokaa: nimekaa nao. Wanazungumzia heshima ya ukoo, wanazungumzia gharama, wanakunywa chai. Sijawahi kusikia mmoja akiuliza mtoto analala wapi usiku huo.

---

bi_mstaafu (Jumanne, saa 8 mchana)

Mwanangu wa Fuoni, pole. Nimefanya kazi Ustawi wa Jamii miaka mingi kabla ya kustaafu, nikapita Unguja na Pemba. Nitakujibu kama ninavyomjibu binti yangu, uvumilie urefu.

Kwanza, unadhani unakwenda kumshitaki mtu. Huendi kumshitaki mtu. Unakwenda kusema ulichokiona: sikio, paja, tarehe, na vile alivyojikunyata. Jina la mume wa mama usilitaje kama mkosaji, kwa sababu hujui, na kweli hujui. Wa kuchunguza ni afisa wa Ustawi na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, ndio wamesomea. Walezi wengi wanachelewa kwa sababu wanataka wapate ushahidi kwanza, kana kwamba wao ni mahkama. Shaka yako yenye sababu inatosha kabisa kubisha mlango wa ofisi. Kaka wa Mtoni, na hii ndiyo kinga ya yule asiye na kosa: mlezi aseme alichokiona kwa macho, asiongeze hata chumvi.

Pili, usimhoji mtoto. Najua hamu unayo. Mtoto wa umri huo ukimuuliza mara tano "baba amekupiga?" mara ya sita atasema ndiyo ili umwache akacheze, na baadaye mahkamani maneno yake yanapoteza uzito. Akisema mwenyewe, msikilize, mwambie umemsikia, kisha chukua daftari uandike maneno yake vile vile alivyoyatamka, na siku na saa. Akisema "kidudu kimeniuma", andika kidudu. Usimsahihishe.

Tatu, hili ni la wote wanaosoma, si la huyu mtoto. Ikiwa shaka ni ya kijinsia, msimuogeshe. Mama zetu jambo la kwanza wanalofanya ni kumuosha mtoto, kwa uchungu, na ushahidi wote unakwenda na maji. Nguo zake zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki unaziozesha. Na zisipite saa 72 hajafika hospitali, maana dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI baada ya hapo haifai kitu. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuna kituo cha Mkono kwa Mkono tangu 2011, na Pemba kipo Chake Chake. Pale daktari, askari, mshauri na mtu wa ustawi wako chini ya paa moja, mtoto hazungushwi ofisi hadi ofisi akisimulia upya.

Nne, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Wengi wataambiwa waanzie kwa sheha na mara nyingi ni sawa. Lakini sheha naye ana ukoo, na mtaa ni mdogo. Ukiona sheha ni shemegi wa nyumba hiyo, nenda moja kwa moja Ustawi wa wilaya yako. Hujamvunjia heshima mtu.

Sasa hofu yako yenyewe, ya mtoto kutoletwa. Sitakudanganya kwamba haitokei. Inatokea. Ndiyo maana siku unakwenda ofisini, jambo hilo lenyewe walitie kwenye maelezo: kwamba kwako ndiko anakoonekana, na kwamba akikosekana siku mbili utawaambia. Afisa mwenye akili atakapokwenda nyumbani kwao hatakutaja, na mojawapo ya mambo atakayoyataka ni mtoto aendelee kuja kwako. Mara nyingi kazi inaanza kwa mazungumzo na ziara za nyumbani, pingu hazitangulii. Na mamake asikae akilini mwako kama adui. Mwanamke anayesema "ngazini" kwenye nyumba isiyo na ngazi, aghalabu naye anapigwa au anaogopa kitu.

Sheria yetu ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, ilisifiwa duniani mpaka ikapewa tuzo ya dhahabu ya sera bora mwaka 2015. Nilijivuna siku ile, sikatai. Lakini tuzo haiketi na wewe jikoni mamake akija kuchukua mtoto wake.

---

kaka_mtoni (saa 9 alasiri)

Bi, hilo la kutotaja jina sikulifikiria. Nakubali. La adabu bado tunatofautiana.

---

mwani_jambiani (saa 11 jioni)

Naomba niingize swali langu, samahanini kama nje ya mada. Huku maji ya bamvua yakitoka, mama wote wako pwani kwenye mwani, kwa muda wa saa nne mpaka tano. Watoto wadogo wanabaki na dada zao wa miaka minane, tisa. Juzi mmoja kaungua na uji. Mimi nalea wanne tu, siwezi wote. Huyo naye niripoti? Mamake analima mwani ili amlishe.

---

bi_mstaafu (saa 12 na nusu jioni)

Mwanangu, umaskini si udhalilishaji. Huyo mpeleke hospitali, na mama zao muwakalishe mpange zamu, mmoja abaki kila bamvua alipwe na wenzake. Nimeona kijiji kimefanya hivyo bila mradi wa mtu. Ukiona mtoto anaungua mara ya pili na ya tatu na hakuna anayeshtuka, hapo ndipo unakwenda Ustawi, na uwaambie msaada unahitajika, si kukamata.

---

dada_wa_kazi (Jumanne, saa 5 usiku)

Naandika wakishalala. Mimi ni dada wa kazi nyumba moja hapa Mjini, nimetoka bara. Nyinyi mnazungumza muhali na jirani. Mimi nalala chumba kimoja na watoto. Naona na nasikia. Nikisema, mshahara wa miezi miwili naudai, kitambulisho changu kiko kabatini kwa bosi, na usiku huo nalala wapi? Nikisema pia watasema ni mimi niliyempiga. Wa kwanza kushukiwa siku zote ni dada.

---

mwalimu_wete (saa 5 na nusu usiku)

Subhanallah. Hili hatulisemi kabisa.

---

bi_mstaafu (Jumatano, saa 1 asubuhi)

Binti yangu, piga 116 ukiwa sokoni au unatupa taka. Ni bure hata simu haina salio, na si lazima utaje jina lako. Taja mtaa, umri wa mtoto na ulichokisikia. Na kile kitambulisho chako, kushikiliwa kwake ni kosa jengine, tulizungumze kwa ujumbe wa pembeni. Usiandike zaidi hapa.

---

mlezi_fuoni (Ijumaa, saa 3 usiku)

Nimerudi. Nimekwenda jana.

Nilidhani nitapanga maneno vizuri. Nilifika nikakaa kwenye benchi nusu saa nikitazama feni, nikainuka nitoke, nikakuta nimefika mlango wa ndani badala ya wa nje. Afisa ni msichana mdogo, angekuwa mdogo wangu. Akaniuliza umeona nini, lini, na mtoto alisema chochote. Daftari langu lilinisaidia maana sauti ilikuwa haitoki. Nilipomaliza nikalia, si kwa ajili ya mtoto, nasema kweli, nililia kwa ajili ya ile chai ya eda. Nilijiona kama nimeichukua miezi minne yote nikaimwaga mbele ya mtu nisiyemjua.

Yule afisa hakuniambia nimefanya vizuri. Aliniletea maji akasema watakwenda.

Nawaambia walezi wenzangu vile nilivyohisi nikitoka, kwa sababu nilitarajia nitahisi mzigo umetua. Haukutua. Nilihisi kama mwizi. Nikapita njia ya nyuma nisikutane na mtu, nikafika nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

---

mwalimu_wete (saa 3 na nusu usiku)

Bora vyombo visafi mara mbili. Nakuombea.

---

mlezi_fuoni (Jumatano iliyofuata, saa 2 usiku)

Wengi mmeniuliza faragha. Nitasema kinachosemeka.

Jumatatu hakuletwa. Jumanne hakuletwa. Nilishamkorogea uji wake nikaugawa kwa wengine. Nikapiga simu ofisini kama Bi alivyosema, wakaniambia wanajua, wameshafika nyumbani, mtoto ameonwa na daktari. Zaidi ya hapo hawakunieleza na nadhani ni haki yao.

Leo asubuhi kaletwa na bibi yake, mama wa mama. Hakunisalimia zaidi ya salamu, akaniwekea mfuko wa nguo mlangoni. Mfuko una nguo nyingi, za siku kadhaa. Nimefahamu kwamba analala kwa bibi. Nilipomvua shati kwa ajili ya kuoga nilitazama. Ile ya sikio imeshaingia manjano. Mpya sikuiona.

Kanywa vikombe viwili, akamnyang'anya mwenzake wa pembeni gari la bati, nikamgombeza kidogo, na hakufunika kichwa. Alinitazama tu.

---

dada_wa_kazi (saa 2 na nusu usiku)

Alhamdulillah. Na mamake?

---

mlezi_fuoni (saa 3 usiku)

Anajua ni mimi. Hakuna aliyemwambia, lakini anajua. Anapita upande wa pili wa njia, uso ameuelekeza mbele.

Jana jioni mvua ilimkuta mbele ya ukuta wangu, ile mvua ya ghafla. Akaingia chini ya bati la baraza langu, hakubisha hodi. Nilimwona kwa dirishani akiwa amenipa mgongo. Nikamtolea kiti nikakiweka karibu yake, nikarudi ndani. Hakukikalia, lakini alibaki pale mpaka mvua ikaisha.